Naomba ushauri: paa la bomba na turubai kwenye boti ya futi 23, fundi anasema tuchomelee GI

MtotoWaKilindoni
Wakuu kwema? Niko Mafia, nina boti ya faiba futi 23, upana wa katikati kama mita 1.8, mashine Yamaha 40 ya mkono, yaani naendesha nimekaa nyuma kabisa, hakuna stelingi wala nini. Msimu wa papa potwe ukianza kuanzia Oktoba huwa nabeba wageni, nane wakizidi sana. Shida yangu ni jua. Yule samaki hana ratiba, mnaweza kuzunguka masaa mawili matatu mnamtafuta na mgeni wa watu amekaa pale anaiva, wakirudi nchi kavu migongo myekundu kama kamba wa kuchemsha. Msimu uliopita mama mmoja alishikwa na kizunguzungu tukiwa mbali ikabidi nigeuze boti, na hela nikarudisha nusu.

Sasa nimekaa na fundi wa magrili hapa mtaani tumepanga hivi: nguzo nne za bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) inchi moja, juu fremu ya mita 2.4 kwa 1.8 na mikingamo mitatu, tunachomelea kila kitu kiwe kimoja, nguzo tunazipiga skrubu kwenye ubavu wa boti, juu turubai la bluu lile la kawaida. Urefu mtu aweze kusimama. Maswali yangu: GI inafaa au niende alumini? Turubai gani linadumu? Na la mwisho ambalo linaninyima usingizi kidogo, boti haitakuwa inayumba?

pweza_mkavu
Wape miavuli mzee, umemaliza.

NahodhaMstaafu
Kijana umeuliza la muhimu ukaliweka mwisho. Mie nipo Unguja, boti nimeendesha toka ujana wangu, na nakwambia hilo paa lako si paa, hilo ni tanga umelilaza. Upepo ukipanda mara mbili nguvu yake haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, na wewe utakuwa na turubai la zaidi ya mita nne za mraba juu ya vichwa vya watu, limechomelewa, huwezi kulikunja hata ungetaka. Siku ya matlai, ule upepo mwanana, utaona raha, siku ya kusi utaniita. Tena unapokwenda mbele upepo uko mbele yako basi na mwendo wa mashine unajumlishwa humo humo.

Swali langu mie si GI wala alumini. Swali langu: upepo ukikukuta katikati, hilo paa unalishushaje?

FundiGrenda_Mwz
Mimi ni fundi wa kuchomelea Mwanza, hapa ziwani nimeshatengeneza mapaa kama hayo siyo moja siyo mawili, yote GI, na mengine yana miaka sita yako barabara hayajala kutu. Mkuu mwambie fundi wako akwangue ile zinki kwanza sehemu ya kuchomea, asichome hivi hivi, ule moshi mweupe usiku unampa mtu homa anatetemeka kama ana malaria, na achomee nje penye upepo. Habari ya kunywa maziwa wanayosema mafundi msiitegemee. Akimaliza kila kiungo kipigwe rangi ya zinki maana pale ulipokwangua pamebaki chuma kitupu.

kaskazini_shwari
Fundi Grenda samahani bro, ziwani ni maji baridi. Huku kwetu chumvi, GI ikishachomelewa kiungo kinaanza kulia machozi ya kahawia ndani ya miezi michache, na lile tone la kutu likidondokea kwenye faiba nyeupe au kwenye fulana ya mgeni halitoki. Na bomba linakula kutokea NDANI ambako rangi haifiki, nje unaliona zima siku linakatika unashangaa.

Halafu mtoa mada umepiga hesabu ya uzito? Bomba la GI la inchi moja lile la saizi ya kati lina karibu kilo 2.4 kwa mita. Nguzo nne za mita moja na nusu, fremu ya kuzunguka, mikingamo mitatu, unafika mita 20 hivi. Hizo ni kilo 48. Sawa na kumpandisha shemeji yako mwembamba akae juu ya paa safari nzima, na boti ya upana wa mita 1.8. Bomba la stenlesi la milimita 25 lenye unene wa 1.5 kwa urefu huo huo ni kama kilo 17 na nusu, la alumini lenye unene wa milimita 2 ni kilo 8 tu.

Na kuna mtego mwingine: GI ya "inchi moja" ile inchi ni ya tundu la ndani, nje inakaribia milimita 34. Sasa wewe nunua vifungio vya boti vya inchi moja, vile ni vya milimita 25 kwa nje, uje uone vitakavyokataa kuingia. Mimi ndo nilivyotupa hela.

MtotoWaKilindoni
Kilo 48?? Fundi kaniambia "haifiki hata mfuko nusu wa simenti".

kaskazini_shwari
Mfuko mzima ni kilo 50 kaka. Mwambie abebe.

ShelaBoy
Salaam kutoka Lamu. Hapa kwetu boti za kubeba watu zina vivuli miaka mingi, kwa hivyo wacha nikupe vile tunafanya. Usichomelee boksi. Tengeneza pinde tatu za kukunja. Upinde ule mkubwa miguu yake inakaa kwenye ubavu, kushoto na kulia, kwa kifungio chenye pini moja, kwa hivyo unazunguka mbele na nyuma. Zile pinde mbili nyingine hazigusi boti kabisa, zinashikilia kwenye miguu ya ule mkubwa, pia kwa pini. Kitambaa kinashonwa mifuko mitatu, kila upinde unapita mfuko wake. Kisha unavuta mikanda miwili mbele na miwili nyuma, yenyewe inajikaza kama ngoma. Ukitaka kushusha unafungua mikanda ya mbele, kitu chote kinalala nyuma, unakifunga na kamba. Mtu mmoja, dakika moja, hata kama bahari imechafuka.

Kwa boti yako kila upinde utakula karibu mita 5 ukihesabu na kona, na mabomba yanauzwa ya mita 6, nunua matatu. Vile vipande vinabaki usiwape watoto, ndio unatengeneza miguu miwili ya kuegemeza upinde wa nyuma.

Na tafadhali sahau skrubu kwenye faiba. Skrubu itang'oka siku mgeni mnene akipanda kutoka majini ashike nguzo, na atashika, hata ukiandika bango kwa lugha saba usishike atashika. Toboa tundu, bolti ipite hadi ndani, ndani uweke pleti pana au kipande cha mbao ngumu na washa kubwa, na tundu lote ulijaze gundi ya boti maana maji yakiingia kati ya faiba na mbao ya ndani inaoza polepole na hujui.

FundiGrenda_Mwz
Sawa nakubali ya chumvi, sikuangalia kuwa ni Mafia. Mimi ningeongeza kuhusu kukunja maana hapo ndipo watu wanaharibu bomba. Bomba jembamba ukilikunja tupu linabonyea kwenye kona linakuwa kama mrija wa soda. Mbinu ya zamani: ziba upande mmoja kwa kipande cha mti, jaza mchanga huku unagonga gonga ushuke mpaka ujae kabisa, ziba na upande wa pili, ndipo ukunje taratibu kwenye umbo la mbao. Mchanga uwe MKAVU, kaanga kabisa, kwa sababu ukiwa na maji halafu ukapasha moto bomba umejitengenezea bomu. Alumini usilazimishe kona kali inapasuka, mpe mviringo mpana. Stenlesi ni ngumu kwa mkono, tafuta fundi wa ekzosi mwenye mashine ya kukunjia, kazi ya dakika kumi.

bibi_sindano
Mafundi mmemaliza chuma haya ngoja na sisi wa cherehani tuongee. Mimi nashona viti vya magari na matenti. Lile turubai la bluu la kawaida ni plastiki iliyosukwa, kwa jua la pwani likimaliza msimu mmoja mshukuru Mungu, linaanza kuchanika kwenye tundu za kamba halafu linamwaga vipande vipande baharini. Chukua turubai la lori, lile zito, gumu, rangi ya kijivu au maziwa, nyeusi na bluu iliyokolea zinapika watu. Kama una uwezo kuna vitambaa maalumu vya boti vya akriliki ni vyepesi na havichuji rangi haraka ila bei yake kaa kitako kwanza.

Uzi!! Watu wananunua kitambaa kizuri wanashonea uzi wa pamba, jua linakula uzi kitambaa kinabaki kizima kimefumuka. Mwambie fundi uzi wa polista mnene, mishono miwili sambamba, na kila mahali mkanda unaposhika aweke kitambaa mara mbili. Na asikate kitambaa mpaka pinde ziwe zimesimama kwenye boti, achukue vipimo pale pale. Upinde wa kati uwe juu kidogo kuliko wa mbele na wa nyuma maana pakiwa bapa mvua inatuama hapo katikati, ndoo mbili tatu za maji juu ya vichwa vya watu, na boti ikilala upande zinakimbilia huko huko.

dagaa_mchele
Swali la pembeni, neti ile ya vitalu vya miche si inapitisha upepo? Asiweke hiyo?

bibi_sindano
Anaweza, inapunguza upepo kweli na ni rahisi. Lakini jua linapita kiasi na mvua yote. Kwa wageni waliolipa sijui.

NahodhaMstaafu
Huyo wa Lamu kasema maneno. Niongeze mawili tu. Moja, usizibe pembeni kwa mapazia marefu hata wageni wakikuomba. Boti ikizama, Mungu aepushe, mtu aliyevaa jaketi la kuokolea anaelea juu, na juu ndiko kwenye turubai, atatokea wapi? Pembeni pawe wazi. Na kwa kuwa unabeba abiria wa kulipa, waone wakaguzi wa TASAC, lile shirika la serikali la mambo ya vyombo vya majini, kabla hujatoboa, usije ukatoboa mara mbili.

Pili, kabla hujanunua hata bolti moja tengeneza hilo paa kwa mianzi. Funga kwa kamba, tandika shuka kuukuu, nenda nalo baharini siku mbili bila wageni. Mianzi itakufundisha.

stenlesi_tupu
Kuhusu chuma: stenlesi ya daraja la 316 ndo ya bahari, ya 304 itatoa madoa ya kahawia lakini ukiiosha maji baridi kila jioni inaishi. Muuzaji akikuletea sumaku akikwambia "ona haishiki hii ndiyo 316" mcheke, 304 nayo haishiki. Ukiamua alumini sawa ila usifunge bolti za stenlesi moja kwa moja kwenye alumini, maji ya chumvi yakiingia katikati alumini inaliwa inatoa unga mweupe. Weka washa za plastiki na kipande cha mpira au hata mpira wa tyubu ya baiskeli katikati.

MtotoWaKilindoni
Wakuu nimerudi. Nimemsikiliza mzee, nimefunga mianzi, nikatandika shuka mbili za mke wangu (kelele zake mtazisikia huko huko), nimezunguka nayo Jumamosi na Jumapili.

Kwanza nilivyovuta kamba ya kuwashia mashine kiwiko kimegonga muanzi wa nyuma mpaka nikaona nyota. Kumbe upinde wa nyuma lazima uishie mbali na mimi, nitabaki juani na kofia yangu, sawa tu. Pili hili hakuna aliyelisema: saa tatu asubuhi jua liko upande, paa la kusimama mtu kivuli chake kilikuwa kimeangukia baharini! Samaki ndo walikuwa kivulini. Nikashusha mianzi mpaka usawa wa mtu aliyekaa na nafasi ya kichwa na kiganja kimoja, kivuli kikarudi ndani ya boti. Kwa hiyo habari ya kusimama nimeifuta. Tatu, mbele nimeacha wazi mita mbili nzima maana mgeni akiambiwa "ruka" anaruka, hasubiri kuinama.

Jumapili mchana upepo ulipanda kidogo tu wakati narudi, nikaona boti inavutwa pembeni kama kuna mtu ameishika mkono. Nilikata kamba za mbele likalala lote. Lingekuwa lile la kuchomelea sijui.

Basi nakwenda na pinde tatu, stenlesi ya 25. Wiki ijayo navuka Nyamisati niende Dar, nitazunguka mtaa wa Gerezani kutafuta fundi wa kukunja. Yale mabomba mawili ya GI niliyokuwa nimeshanunua nimemuuzia fundi mwenyewe, kayachukua kwa bei ya chini.

ShelaBoy
Hapo sawa. Kabla ya kusafiri chora upinde kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu kwa chaki, kisha ukunje nondo ya milimita 8 ufuate ile chaki, kona mbili tu, ubebe hiyo nondo. Usimpe fundi karatasi ya vipimo, atakunja kwa macho na utapata pinde tatu kila moja na upana wake, na hapo pini hazikutani.

MtotoWaKilindoni
Nondo ya mita 5 kwenye boti ya Nyamisati na baadaye kwenye basi?

ShelaBoy
Kunja nusu upinde, kona moja. Kule unaigeuza upande wa pili.