Nachora tatuu Jumamosi ijayo, naombeni ushauri wa kabla na baada

Binti Langilangi
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mi ni mdada wa miaka 27 nipo Dar, Jumamosi ijayo naenda kuchora tatuu yangu ya kwanza, jina la bibi aliyenilea na ua la mlangilangi pembeni, naitaka nyuma ya bega la kushoto, ukubwa kama kiganja hivi. Bibi ametutoka mwaka jana na hili jambo nimelifikiria muda mrefu, kwahiyo naombeni sana tusiingie kwenye mjadala wa nichore nisichore. Fundi nimeona kazi zake Instagram nimezipenda na advansi nimeshamtumia.

Nachotaka kujua ni najiandaaje, nile nini, nimeze panadol kabla? Rafiki yangu ananiambia nipige bia mbili nisisikie maumivu. Alafu baada ya hapo natunzaje, maana ofisini nakaa kwenye kiyoyozi sawa ila kwenda na kurudi ni daladala, jua na jasho la Dar mnalijua wenyewe, na mwisho wa mwezi tuna safari ya bichi Kigamboni na wenzangu wa kazini. Ngozi yangu nikiumia huwa inachukua muda kukaa sawa, sijui kama hiyo nayo ni shida. Asanteni

Fundi Wino AR
Pole na msiba dada. Mi ndo kazi yangu hii, nipo Arusha. Bia sahau kabisa, kuanzia siku moja kabla. Pombe inafanya damu itoke zaidi, ikitoka damu wino nao unasukumwa nje na mchoro unakuja na mabaka, na fundi anayejielewa ukifika unanukia pombe anakurudisha nyumbani. Panadol haina neno, ila asprini usimeze maana inafanya damu ichelewe kuganda, na kama ipo dawa uliandikiwa na daktari usiiache kwa ajili ya tatuu, muulize kwanza. Lala vizuri, kula chakula cha kushiba kweli siyo chai na andazi, kunywa maji, beba soda au juisi maana kuna watu sukari inashuka wakiwa kwenye kiti wanazimia. Vaa kitu cha kuacha bega wazi na usinyoe mwenyewe, fundi atanyoa na wembe mpya. Zile krimu za ganzi usijipake nyumbani kimya kimya ukajifunga na plastiki, dawa ikiingia mwilini nyingi ina madhara yake, kama unaitaka ongea naye kabla.

Ukifika sasa macho yawe kwenye vifaa, picha za Instagram hazikuonyeshi hilo. Sindano ifunguliwe kwenye paketi yake mbele yako na ukimaliza itupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Wino unamiminwa kwenye vikombe vidogo vya mteja mmoja, ukiona anachovya kwenye chupa kubwa moja kwa moja ondoka, hata advansi mwachie. Kama ana vyuma anavyorudia kutumia muulize anavichemshaje. Jibu ni mashine ya mvuke yenye presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 angalau, akikwambia anafuta na spiriti hapo hapakufai. Na glavu, akishika simu anabadilisha, wengi wanashika simu wanaendelea tu.

Nesi wa Zamu
Naongezea hapo kwenye vifaa. Watu wakisikia sindano wanawaza ukimwi peke yake ila homa ya ini B ndo inayoambukizwa kirahisi zaidi, kirusi chake kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka mezani siku 7. Chanjo ipo na kwa mtu mzima ratiba ya kawaida ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu mwezi wa sita. Watoto wa Tanzania wameanza kuipata kwenye chanjo za kawaida 2002, wewe una miaka 27 maana yake ulishapita, nenda kapime na uanze dozi hata kama tatuu utaachana nayo.

Ila kuna kitu umekigusa ukapita haraka. Unaposema ngozi inachukua muda kukaa sawa unamaanisha nini? Masikio ulipotoga ilikuwaje? Una kovu lolote lililovimba?

Binti Langilangi
Asanteni sana, bia nimefuta. Nesi, sikio la kulia lilitoa kinundu nyuma ya tundu, kilianza kidogo baada ya miezi kadhaa kikaendelea kukua, sasa hivi kimezidi tundu lenyewe na kuna muda kinawasha. Hereni upande huo sivai. Na lile kovu la chanjo ya utotoni mkononi limevimba linang'aa, mama anasema kwetu ni kawaida na yeye analo. Hilo linahusiana na tatuu?

Nesi wa Zamu
Linahusiana sana mdogo wangu. Hizo ulizozielezea zinafanana kabisa na keloidi. Kovu la kawaida linaishia pale jeraha lilipoishia, keloidi inavuka hapo inaingia kwenye ngozi ambayo haikuumia, na wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, na mara nyingi inakwenda kiukoo, ndo maana mama naye analo. Tatuu ni sindano inayochoma maelfu ya mara kuingia ndani kama milimita moja mpaka mbili, kwa ngozi hayo yote ni majeraha. Na sehemu zinazopenda keloidi kuliko zote ni masikio, kifua, mabega na mgongo wa juu. Yani umechagua bega, ukubwa wa kiganja. Ikitokea jina la bibi halitasomeka, litakuwa uvimbe unaowasha na kuuma. Mi naomba Jumamosi usiende, uanze kwa daktari wa ngozi.

Kijana wa Tegeta
Dada usitishike sana, mi nina kinundu sikioni kama chako na nina tatuu mkononi tangu chuo haijavimba popote. Inategemea na mwili wa mtu.

Fundi Wino AR
@Kijana wa Tegeta nashukuru kwako ilikaa vizuri, ila mkono siyo bega, na mwili huo huo unaweza kukubali sehemu moja ukakataa nyingine. Mi mteja akinionyesha keloidi simchori bega wala kifua hata akiniongezea hela. Tatizo keloidi haikuonyeshi siku ile, tatuu inapona safi kabisa unapost picha, alafu miezi mitatu, sita, hata mwaka mbele ndo inaanza kunyanyuka. Nilijibu mwanzo sijauliza hilo la sikio, Nesi umefanya vizuri. Dada mwambie fundi wako ukweli wote, na akikujibu "hamna shida njoo tu" bila hata kuomba kuona hilo sikio basi umeshamjua ni fundi wa aina gani.

Mtwara Kuchele
Pole kwa kumpoteza bibi. Wangu alikuwa Mmakonde, uso mzima una nembo, wenyewe wanaita dinembo. Walikuwa wanachanja na kisu kidogo wanasugulia mkaa wa mbarika, na wanarudia tena mpaka mchoro ukae. Kwahiyo wanaosema tatuu ni mambo ya wazungu tuwasamehe tu. Ila na mi nakuomba subiri. Jingine, kama una ndoto za polisi au uhamiaji soma matangazo yao ya ajira, wanaandika kabisa mwombaji asiwe na michoro mwilini.

Mdau wa Kimara
Kwani si achore piko begani hata kila mwezi? Haichomi na harusini wadada wanapendeza nayo.

Bi Mkubwa Unguja
Piko hapana mwanangu, nasema hivi kwa sababu napaka maharusi miaka mingi. Hina ya majani ile inayotoka rangi ya kahawia haina tatizo kwa wengi. Piko ni dawa ya kupaka nywele, ina kemikali inayoitwa PPD, na mimi nimeona mabibi harusi mikono imetoka malengelenge yamefuata mchoro ule ule. Na mtu ikishamkataa mara moja hata dawa ya nywele hatapaka tena maisha yake. Sasa huyu ambaye kila kidonda kinamvimbia malengelenge si yatamwachia makovu? Akitaka mchoro wa muda atafute hina safi, aikoroge mwenyewe na maji ya ndimu.

Fundi Wino AR
Kwa wengine mnaosoma ambao hamna keloidi na bado mnachora, utunzaji huu hapa. Ile plastiki ya jikoni usikae nayo zaidi ya masaa machache, kwa joto la Dar jasho linajaa chini yake na vijidudu vinafurahi. Nawa mikono kwanza, osha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kausha na tishu kwa kugusagusa, taulo weka mbali. Paka mafuta yasiyo na harufu, kidogo sana, ngozi ing'ae tu isilowe. Spiriti hapana, dawa ya meno hapana, mafuta ya nazi ya kwenye ndoo sokoni hapana, na zile tyubu za mchanganyiko wenye steroidi ambazo kila nyumba inazo usipake mpaka daktari aseme. Ikianza kutoa magamba na kuwasha usikwangue, piga makofi taratibu kwa juu. Juu ngozi inafunga kwenye wiki mbili mpaka nne, chini inaendelea kupona kwa miezi. Baharini na bwawani usiingie wiki nne, kwahiyo ile safari ya Kigamboni hata mwenye ngozi nzuri angekaa mchangani, kivulini. Wekundu ukisambaa badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, msije kwetu mafundi.

Binti Langilangi
Jamani nimerudi. Nimesoma zote nikalia kidogo, maana hii ilikuwa na maana kubwa kwangu. Nimempigia fundi nikamtumia picha ya sikio, ameniambia mwenyewe bega tuachane nalo kwanza, advansi anaishikilia mpaka nimwone daktari. Nimeulizia kliniki ya ngozi Muhimbili nitakwenda wiki hii. Nesi, nikifika nimwambie nini asinione nimeenda kwa ajili ya urembo tu?

Nesi wa Zamu
Hawezi kukuona hivyo, kinundu kinachokua na kuwasha ni ugonjwa wa ngozi kama mwingine. Mwambie kilianza lini, kimekuaje, nani mwingine kwenye ukoo anacho, muonyeshe na kovu la chanjo, na umuulize moja kwa moja kuhusu tatuu na sehemu unayoitaka. Akikushauri sindano za kukipunguza kinundu ujue ni za kurudia kila baada ya wiki kadhaa, usikate tamaa katikati. Na mtu yeyote mtaani akikwambia anakikata siku moja unaondoka, usikubali, keloidi ikikatwa peke yake bila matibabu mengine mara nyingi inarudi, na inaweza kurudi kubwa kuliko ile ya kwanza.