Mrejesho: Maana ya "huongeza kwa asilimia 50" katika maelezo ya uwezo

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini mpiganaji wangu katika mchezo wa video, ambaye maelezo ya uwezo wake yanasema kuwa huongeza nafasi ya pigo kali (pigo linaloumiza kuliko la kawaida) kwa asilimia 50, hakuwa akilitoa pigo hilo hata nusu ya mara anazopiga. Nawashukuru wote mlionijibu, hasa aliyenishauri nihesabu mwenyewe. Katika uwanja wa mazoezi nilipiga mapigo 200 bila uwezo huo, kisha mengine 200 nikiwa nao; pigo kali lilitoka mara 41, halafu mara 62. Kumbe ongezeko huhesabiwa juu ya ile asilimia 20 aliyokuwa nayo tangu awali, hivyo hufika 30, wala si 70 kama nilivyodhani.

"Kuvuja damu" na "jeraha", hali zinazotajwa katika maelezo ya uwezo, navyo ni hali moja yenye majina mawili, kwa kuwa tone jekundu linalotokea juu ya upau wa uhai (mstari unaoonyesha uhai uliobaki) ni lilelile, na uwezo uleule wa kujitakasa huliondoa. Hili kwa kweli limenisikitisha, kwani mchezaji mgeni hutumia rasilimali zake akiamini ananunua vitu viwili tofauti.