UU SIO "UZEMBE ULIOKITHIRI", WEWE JAMAA UNAJIJUA!!

Wakuu salamu baadaye, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Yule mjuaji wetu, simtaji ila mmeshamjua, yule ambaye hata ukimuuliza saa ngapi anakuuliza kwanza umesoma datashiti.

Siku tatu sijalala na huu ubao wa Linux, nataka tu kusoma joto kwenye chipu ya saa, DS3231, rejista 0x11 (kisanduku cha ndani ya chipu kinachoweka joto), kazi ya dakika mbili. Napiga i2cdetect -y 1, amri ya kuonyesha vifaa vilivyo kwenye nyaya za I2C, pale pa 68, anwani ya chipu, inakuja UU. Napiga i2cget niisome, inagoma, eti kifaa kina shughuli. Shughuli gani saa nane usiku?! Nimebadilisha waya, nimegeuza nyaya zake mbili, SDA na SCL, nimeongeza rezista za 4.7k, mwisho nikachomoa chipu yenyewe nikaiweka mezani, UU bado ipo inanikodolea macho!! Nikajishusha, nikapiga picha, nikauliza mbele za watu hii UU ni nini.

Jamaa akajibu: "Uzembe Uliokithiri."

Basi. Maneno mawili na emoji tatu za kucheka, nimezihesabu. Mtu mzima nimeshika chuma cha kulehemu naambiwa uzembe, tena uliokithiri! Angesema tu UU maana yake draiva ya kerneli, programu ya ndani ya Linux inayoendesha kifaa, imeshaishika hiyo anwani vidole vingemkatika? Jana nimeota jedwali zima limejaa UU. Uzembe. ULIOKITHIRI.

#2: Pole mkuu. Ila hajakosea sana 😂

#3: Basi lina dereva tayari wewe unang'ang'ania usukani, ulitegemea nini

#4: Iachishe draiva: echo 1-0068 > /sys/bus/i2c/drivers/rtc-ds1307/unbind, ukiwa root (mtumiaji mkuu) kweli, sio kuweka sudo mbele ya echo halafu uje kulia tena. Na usiandike kwa -f (kulazimisha) wakati draiva ipo, utaivuruga saa.

#5: Mbona mnahangaika, draiva hiyohiyo inasoma joto. Angalia /sys/class/hwmon, tafuta temp1_input, gawanya kwa 1000. Siku tatu 😂😂😂

#1: #5 umetumwa na yule jamaa eeh? Hata idadi ya emoji ni ileile

#6: Nyie mnalilia UU, mimi SPI, njia nyingine ya kuongea na chipu, inanirudishia FF tupu, kila baiti FF, na faili la kifaa spidev0.0 lipo

#7: #6 waya wa MISO, unaoleta data kutoka kwenye chipu, haujagusa huo

#6: Umegusa bana

#8: Afadhali yenu. Mimi ni root nasoma RAM kupitia /dev/mem naambiwa siruhusiwi. Root! Nyumbani kwangu!

#3: #8 kerneli yako ina STRICT_DEVMEM, mpangilio unaozuia hata root kusoma RAM kwa njia hiyo, wewe ni root wa jina tu

#6: Haukuwa umegusa. Msiniulize kitu

#1: Jamani uzi ni wangu, tulikuwa kwenye UU

#8: Wewe si umeshajibiwa, tupishe. Haya #3, hiyo STRICT_DEVMEM naizima wapi, lazima nijenge kerneli upya?