Chombo kinachopaa Pemba kimenigomea Arusha: kosa ni la injini au ni langu?

Mpanda Vilima (Wete)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kulifikiria jambo lililoninyima usingizi tangu niliporudi. Mimi hushindana motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, kwa mapenzi tu, na chombo changu ni pikipiki ya cc 125, injini ya mipigo miwili yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Mazoezi yangu yote nayafanya hapa hapa Pemba, katika machimbo ya mchanga yaliyoachwa na kwenye vilima vya udongo mwekundu, na huku nyumbani nikifungua mafuta chombo kinaitika papo hapo. Safari hii nilikipeleka mashindanoni Arusha: nilikivusha kwa meli kutoka Mkoani hadi Unguja na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, tangi likiwa tupu, kisha kikapakiwa kwenye lori kwa masafa ya zaidi ya kilomita 600. Tulifika Ijumaa usiku.

Jumamosi asubuhi, katika mazoezi, nilihisi kama nimepewa chombo cha mtu mwengine. Injini ilikuwa nzito, ikitoa moshi mwingi na kugugumia kila nilipotoka kwenye kona, na pale ambapo hapa kwetu ningekuwa nimeshatia giya ya nne, kule ilikuwa bado inaihangaikia ya tatu. Kijana aliyekuwa akinisaidia alisema injini inakosa mafuta, akaikaza skrubu ya kabureta nusu mzunguko. Mambo yakazidi kuharibika. Muda wangu wa kufuzu ulikuwa wa nyuma kabisa, kwa hiyo nafasi ya kuanzia nilichagua baada ya wote, pembeni, penye vumbi la kina. Mbio ya kwanza ya Jumapili nilimaliza wa 14 kati ya 17, mikono imekaza hata klachi siwezi kuivuta. Ya pili sikuianza: geti la kuanzia lilianguka wenzangu wakaondoka, mimi napiga kiki, plagi imelowa. Wenye vyombo vya mipigo minne vya kisasa hawakulalamika hata kidogo.

Je, niuze chombo, au tatizo ni mpandaji?

Fundi wa Mkoani

Waalaykum salaam. Pole sana mwanangu, na usiuze kitu. Wete ipo karibu na usawa wa bahari, Arusha ipo takriban mita 1,400 juu yake, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa kiasi cha asilimia 13. Kabureta haina habari kuwa umeihamisha: tundu la jeti, kile kipande kidogo kinachopitisha mafuta, ni lile lile, mafuta yanapita karibu kama kawaida, lakini hewa ya kuyaunguza imepungua. Moshi, kugugumia na plagi kulowa ni dalili za mafuta kuzidi, wala si za kukosa mafuta. Wenzako wa mipigo minne, nadhani, vyombo vyao hupuliziwa mafuta kwa kompyuta, ambayo hupima hewa na kujirekebisha yenyewe.

Ulipaswa kupunguza jeti kuu, ambayo ndiyo inayotawala unapofungua mafuta robo tatu hadi mwisho, na kuipandisha ngazi moja klipu inayoshikilia sindano ya kabureta, ili sindano ishuke na kupunguza mafuta. Kisha ungetazama plagi: rangi ya kahawia ni salama, nyeusi yenye majimaji ni mafuta mengi, nyeupe ni hatari. Ukitia jeti ndogo kwa ajili ya bara, usirudi nayo Pemba bila kuibadilisha, kwani kwa hewa yetu nzito mafuta yatakuwa haba, injini itapata moto na itanoki, yaani itagonga ndani. Nimeshafungua injini mbili zilizoharibika kwa sababu hiyo hiyo, na wenyewe wote waliilaumu oili.

Mpemba wa Moshi

Nakubaliana na Fundi, ila niongeze kuhusu ile skrubu, maana watu wengi huteleza hapo. Ikiwa ipo upande wa chujio la hewa, hiyo ni ya hewa, na kuikaza ni kuzidisha mafuta kuliko hewa. Ikiwa ipo upande wa injini, hiyo ni ya mafuta, na kazi yake ni kinyume. Vyombo vingi vya mipigo miwili vina ile ya hewa, kwa hiyo huenda kijana wako, kwa nia njema kabisa, aliongeza maradhi.

Jambo jengine ni kwamba hata ukipatia jeti, nguvu zilizopungua kwa uhaba wa hewa hazitarudi zote. Mimi huongeza jino moja au mawili kwenye sproketi ya nyuma, ile duara ya meno inayovutwa na mnyororo, ili injini isilemewe kwenye kona.

Bint Chake

Kaka, hawa wanakutoa hatiani mapema mno. Kufika Ijumaa usiku na chombo ambacho hakijawahi kuvuka bahari ni uamuzi wako mwenyewe, wala si wa kabureta. Na hiyo mikono kukaza haitokani na hewa peke yake: injini ilipokuwa haitii, bila shaka ulikuwa ukiishikilia klachi muda wote na kuubana usukani, badala ya kukibana chombo kwa magoti. Misuli ya mkono ikibanwa mfululizo damu haipiti vizuri, na vidole vinakufa ganzi.

Mpanda Vilima (Wete)

Ahsanteni nyote, na Bint Chake maneno yako nimeyapokea ingawa yamenichoma. Jana niliifungua kabureta. Skrubu ipo upande wa chujio, kwa hiyo kweli tuliikaza hewa. Jeti kuu ni namba 178, ile ile iliyokuwamo nilipokinunua chombo, na plagi niliyorudi nayo mfukoni ni nyeusi kama chungu cha kuni. Skrubu nimeirudisha mizunguko moja na nusu kama zamani, na asubuhi hii chombo kimepanda kilima bila kugugumia.

Aliyepo Unguja mwenye jeti ndogo za Keihin (kampuni ya kabureta) namba 165, 168 na 170 tafadhali anijulishe bei, kwani hapa Pemba nimezunguka kwa mafundi watatu na sikuzipata.