Fiktion na miezi saba Unguja: nani amepita hapa?

Binti Makunduchi:
Assalaam alaykum, wakubwa shikamooni. Kibali changu cha kukaa Ujerumani kwa masomo (kifungu cha 16b cha sheria ya ukaazi) kimeisha, ombi la kuongeza liko ABH, ofisi ya wageni, tangu kabla ya Ramadhani, nimepewa fiktion, ile karatasi ya muda ya kungojea jibu. Udaktari wangu ni juu ya watu wetu walioandika safari zao za Ulaya: Amur bin Nasur aliyefundisha Kiswahili Berlin miaka ya 1890, na Selim bin Abakari, Mngazija aliyefika hadi Siberia. Maandishi yao Carl Velten aliyachapisha 1901, hayo ninayo. Ninachotaka sasa ni nyaraka za kale zilizohifadhiwa Kilimani, Unguja. Mfadhili ameshakubali nauli na miezi saba ya kukaa, ila fedha hizo mwaka ukiisha hazijatumika zinarudi. Karani kila nikienda, “subiri barua.” Nikitoka na fiktion nitarudi? Na hiyo miezi saba?

Mzee wa Hamburg:
Marahaba binti yangu. Usithubutu! Fiktion haivuki mpaka. Kuna kijana wetu alizuiwa kupanda ndege ya kurudi, begi lishapita.

Mama Wawili, Köln:
Mzee, kwa heshima zote, usimtie mtoto hofu. Fiktion ziko aina. Mwanangu, fungua hicho kikaratasi utazame kisanduku kilichotiwa alama. Kikiwa cha kifungu cha 81 fungu la 4, kibali cha zamani kinahesabika bado kinaendelea: unatoka, unarudi. Kikiwa cha fungu la 3, ukitoka ndiyo basi. Huyo kijana bila shaka alikuwa na la 3.

Mzee wa Hamburg:
Nimeingia nchi hii ukuta haujavunjwa. Habari za visanduku nazijua.

Mkenya wa Bayreuth:
Wazee, poleni. Shida kubwa ni bima. Dada, uko kwa stipendi, pesa ya ufadhili, ama mkataba wa kazi wa chuo, ule wa TV-L? Mimi nilianza na stipendi, pesa inaingia nzima nikajiona tajiri. Kumbe mtu wa udaktari hapati ile bima ya bei ya wanafunzi hata akiwa na kitambulisho cha chuo. Barua ya kasse, shirika la bima ya afya, ilipofika nilikula ugali na sukuma mwezi mzima, na sukuma yenyewe ni hii grünkohl yao.

Mama Wawili, Köln:
Wa DAAD, lile shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo, wanalipiwa bima. Usiwachanganye.

Mpemba wa Leipzig:
Na kibali cha utafiti je? COSTECH, tume ya sayansi inayotoa vibali, ni ya Bara, Zanzibar wana utaratibu wao, anza mapema. Afadhali wewe una pasi ya kwetu. Mimi nilichukua ya hapa zamani, ikabidi niikane ile. Wajerumani wameruhusu uraia wa nchi mbili tangu Juni 2024, kwetu bado hadithi tu. Nimekwenda kumzika mama Wete nikalipia viza dola 50, na anayenigongea muhuri nimesoma naye madrasa.

Mkenya wa Bayreuth:
Sisi tulimaliza hiyo na katiba ya 2010 😀

Mpemba wa Leipzig:
Hongereni. Na deni lenu mmelimaliza?

Mzee wa Hamburg:
Siasa pelekeni kwingine.

Binti Makunduchi:
Nimetazama, ni fungu la 4, alhamdulillahi. Ahsante Mama Wawili. Stipendi ni ya kitivo, si DAAD. Lakini kifungu cha 51 kinasema ukipita miezi sita nje kibali kinakufa, isipokuwa ABH wakupe muda zaidi. Sasa kibali chenyewe kimeisha, nina fiktion tu. Huo muda nauombea juu ya nini?

Mkenya wa Bayreuth:
Kama ni ya kitivo, waulize kasse habari ya anwartschaft, yaani kushikiliwa nafasi yako ya bima ukiwa nje, kabla hujasafiri, usije ukalipa miezi saba bure.

Mzee wa Hamburg:
Binti, ukirudi usinisahau ng'onda. Ifunge vizuri, forodha wana pua.

Mama Wawili, Köln:
Mzee! Samaki wa kula mwenyewe anapita forodha, hadi kilo 20. Ila mtoto karatasi hajapata, umeshamtwika mzigo.

Mpemba wa Leipzig:
Mimi karafuu tu, robo kilo.