Prado 150: VSC, A-TRC na DAC, nizime ipi mchangani na ipi kwenye utelezi?

NgamianiKwetu
Wakuu, salaam. Gari ni Prado 150 automatiki, ina kitufe cha VSC OFF (kuzima VSC, mfumo unaozuia gari kuserereka), DAC (inayoshika mwendo yenyewe ukiteremka) na kufuli ya difu ya nyuma (inayofanya matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja). Njia ni Muheza kupanda Amani, kisha Pangani mpaka Saadani. Mchangani, kila ukikanyaga mafuta inakata nguvu yenyewe, taa ya utelezi inapepesa, mwisho inazama. Huko mlimani udongo mwekundu, mvua ikinyesha ni sabuni. Wapi nizime, wapi niache?

FundiChumbageni
Mkuu, gari nzima hiyo. Kompyuta ikiona tairi linazunguka bure, inalibana breki na kupunguza nguvu ya injini. Kwenye lami iliyoloa ni msaada mkubwa. Mchangani tairi lazima lizunguke kidogo ndipo gari ielee, kwa hiyo ukinyang'anywa nguvu umezama.

Kwanza upepo. Kama kawaida unaweka 32, shusha mpaka 18 psi kabla hujaingia, maana hakuna kitufe kinachoshinda hilo. Gari ikiwa imesimama, shikilia VSC OFF zaidi ya sekunde 3. Ukigusa na kuachia unazima TRC (inayozuia tairi kuzunguka bure) peke yake, VSC inabaki kukubana. Funga difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma), kisha shika mwendo mmoja. Ukitaka kusimama, achia mafuta isimame yenyewe. Breki inarundika mchanga mbele ya matairi na kuondoka tena ni kazi. Ikianza kuchimba, acha hapo hapo, fukua, shusha mpaka 15, rudi nyuma kwenye alama zako. Kwa upepo huo usikate kona kwa kasi, tairi litachomoka kwenye rimu. Ukitoka mchangani, jaza upepo.

Amani ni kinyume, A-TRC (TRC ya njia mbaya, inayobana breki tairi linalozunguka bure) iache. Simama, weka N, ingiza L4 (gia nzito ya 4x4), subiri taa iache kupepesa. Tairi moja likining'inia kwenye korongo utasikia mkwaruzo chini, grrr-grrr. Hapo ndipo wengi wanaachia mafuta wakidhani kitu kimevunjika, na mfumo nao unaacha. Shikilia mguu pale pale sekunde mbili tatu. Breki inalibana tairi la hewani, nguvu inahamia kwa mwenzake aliye chini.

Mdau_Muheza
Naongezea kufuli ya nyuma, maana kaka hapo juu kairuka. Ifunge kabla ya kufika kikwazo, usukani umenyooka, matairi hayazunguki. Ukiifunga tairi likiwa linapiga kwa kasi unaweza kuvunja kitu ndani ya difu. Ikishika, ABS (inayozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki) na VSC hazipo tena na gari inakataa kona, kwa hiyo usiteremke nayo kwenye utelezi.

Kuteremka ni L4, gia ya kwanza, washa DAC, miguu yote nje ya pedali. Mbele ikianza kuserereka, usirukie breki: gusa mafuta kidogo matairi yazunguke, usukani utarudi. DAC inatumia breki zile zile, kwenye mteremko mrefu zinachemka. Taa ya DAC ikianza kupepesa, simama pa usalama zipoe.

NgamianiKwetu
Shukrani sana. Na taa za ABS na VSC zikiwaka pamoja baada ya tope?

FundiChumbageni
Zikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, anza na sensa za mwendo wa matairi. Osha tope, kagua waya nyuma ya kila tairi, chomoa plagi uone kama ina kutu ya kijani. Pwani yetu hii chumvi haina huruma. Mashine ya kupimia hitilafu ikisoma kodi C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto. Usinunue sensa kabla ya kupima waya. Pia angalia saizi za matairi: mawili makubwa na mawili madogo yanaichanganya kompyuta.

Mdau_Muheza
Ukifika Saadani, ufukwe wa Madete usipite na gari. Kasa wanataga pale.