Mashine ya zamani imegoma kuwaka baada ya kupandisha mfumo: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, wengi wanaambiwa "mazabodi imekufa" siku moja tu baada ya kupandisha mfumo endeshi. Mara nyingi si kweli, na inaniuma kuona mashine nzima ikitupwa. Mwenye kisa akiweke hapa: aliona nini kwenye skrini, na nini kilimtoa.

Naanza. Desktop yangu ni ya 2009. Nilipandisha Windows usiku, ikamaliza vizuri, nikaizima na kuichomoa kwenye umeme. Asubuhi, skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani diski ya kuwashia haifikiki. Nikaiacha ijirekebishe mara tatu, wapi! Nilishashika flashi nifute diski yote, ndipo nikaingia BIOS (setingi za mashine zinazofunguka kabla ya Windows) na jicho likatua kwenye tarehe: 01/01/2009. Betri ya saa, ile CR2032 iliyo kama sarafu, ilikuwa imekwisha. Kipimo kilisoma volti 2.1 badala ya 3. Mashine ikiwa kwenye umeme huwezi kugundua, kwa sababu setingi zinashikiliwa na umeme wenyewe. Nilipochomoa, zote zilirudi za kiwandani, na SATA (kiungo cha diski) ikatoka mtindo wa AHCI, ambao Windows yangu iliutegemea, ikawa IDE, mtindo wa zamani. Nikarudisha AHCI, ikawaka na mafaili yangu yote. Mfumo mpya haukuwa na kosa lolote.

#2
Mimi ni wa Linux. Nilipata "kernel panic" (kerneli, yaani kiini cha mfumo, imekwama), eti haioni diski ya mfumo. Patisheni ya /boot (sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia), MB 200 tu, ilikuwa imejaa kerneli za zamani, kwa hiyo initramfs (faili la kuanzishia) ya kerneli mpya haikuandikwa ikaisha. Shika Shift mashine inapoanza kuwaka, menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, itatokea (kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, bonyeza Esc), kisha chagua kerneli ya zamani. Ukishaingia, futa zisizotumika ndipo utengeneze initramfs upya. Usiformati!

#3
Skrini ikiwa nyeusi lakini taa ya diski inapepesa, shuku kadi ya picha. Kwenye GRUB bonyeza e, ongeza neno nomodeset (kerneli isibadili mpangilio wa skrini) mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Yangu ilifunguka hapo hapo.

#4
Niseme na upande mchungu. Laptopu yangu ni Core 2 Duo, nikailazimisha Windows 11 toleo la 24H2. Toleo hilo linadai amri ya POPCNT ndani ya prosesa, na Core 2 Duo haina. Hapo hakuna setingi itakayokuokoa, ndugu zangu. Nilitoa mafaili kwa flashi ya Linux, na Linux hiyo hiyo ndiyo ninayotumia mpaka leo. Angalieni prosesa kabla ya kuanza.

#5
Mkuu #1, nimetoka BIOS sasa hivi. Tarehe inasoma 2010, SATA iko IDE. Nimebadilisha, imewaka! Picha za marehemu mama zimo humo zote. Betri naweka kesho; usiku huu waya hautoki ukutani.